Jinsi fomu tuu wangu walivyogombania kihamba kwa Kiingereza

Mwalimu mwenzangu kaniuliza juzi inakuwaje dibeti yetu ya Ijumaa inajaa mpaka watoto wengine wanachungulia dirishani, wakati kwao ni kulazimishana, nikaona niandike hapa maana kwa meseji haiishi.

Nafundisha Kiingereza shule ya kata, ya kutwa, hapa Moshi, watoto wengi wanatokea Pasua na Majengo, wengine wanateremka na daladala kutoka Old Moshi. Ratiba ni kama ya shule nyingine tu, Jumatatu paredi na usafi, katikati ya wiki klabu, Malihai wanamwagilia miti yao, Wapinga Rushwa wako chini ya mwembe, skauti wanapiga kwata, Ijumaa jioni dibeti. Na dibeti zenyewe mnazijua, elimu ni bora kuliko pesa, mjini na kijijini, mtoto anasimama na karatasi aliyoandikiwa na kaka yake anaisoma mpaka nukta ya mwisho, makofi, anakaa. Misamiati ndo usiseme, wanaikopi ubaoni kwa peni nyekundu vizuri kabisa afu wiki ijayo hamna anayeikumbuka.

Sio uvivu jamani. Mtoto kasoma mpaka darasa la saba kila kitu Kiswahili, anaingia sekondari baiolojia Kiingereza, historia Kiingereza, halafu unamwambia atoe hoja. Hoja anazo nyingi tu, lugha ya kuzitolea ndo hana.

Kwa hiyo Jumanne kipindi cha mwisho tunabishana mada yenyewe kwa Kiswahili kwanza, kelele zote ziishie hapo. Mimi nakaa nyuma naandika maneno wanayoyahitaji, hayohayo ndo yanakuwa misamiati ya wiki, na hapo hata hulazimishi mtu, wanakufuata wenyewe, "madam, kurithi wanasemaje?" maana anajua Ijumaa atalitumia kumfunga mtu mdomo. Ijumaa ni Kiingereza, dakika 3 kila mtu, taimkipa anagonga meza, karatasi hairuhusiwi. Ukikwama unataja neno kwa Kiswahili na yeyote, hata wa upande wa pili, anakupa la Kiingereza unaendelea. Hamna kuchekana, na hamna mambo ya kuvalishana kibao shingoni eti kaongea Kiswahili.

Mada wanaandika wao wanatumbukiza kwenye boksi la chaki. Zimekuja za bodaboda, za mbege (pombe yetu ya ndizi), ya wasichana waliojifungua kurudi shule (serikali iliruhusu Novemba 2021 lakini wavulana wangu wanabisha kama tangazo limetoka jana). Ila iliyotia fora ni ya kihamba, kwamba binti naye apewe sehemu. Kwa asiye wa huku, kihamba ni lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa na makaburi ya wazee, na kwa mila linaenda kwa watoto wa kiume, kitinda mimba ndo anabaki na nyumba ya wazazi.

Dogo mmoja wa upande wa kupinga akaanza kwa mbwembwe, dada akiolewa anakuta shamba kwa mumewe, sasa anataka mawili ya nini? Shangwe. Akanyanyuka binti mmoja anayekaaga karibu na mlango, yule ambaye hata akiitwa jina anaitikia kwa shida. Kiingereza cha kuungaunga, akauliza, na mume akimfukuza? Na asipoolewa je? Afu akamgeukia dogo, kwenu nani anabeba samadi, wewe au dada yako? Kwenye samadi alikwama akaitaja kwa Kiswahili, na aliyemrushia neno la Kiingereza ni dogo mwenyewe, kabla hajajua anajichomea. Mpaka mimi nilipiga meza.

Halafu wakaja na sheria, wameitafuta kwenye simu ya mama wa mmoja wao, Sheria ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Wapinzani wakajibu eti sheria inakaa Dodoma, kihamba kinagawiwa na wazee. Ubishi uliendelea mpaka getini.

Jumamosi niko soko la Mbuyuni nachagua ndizi, mzee mmoja akanisimamisha, "Mwalimu, ndo wewe unamfundisha mjukuu wangu kudai kihamba?" Nikamwamkia kwanza, shikamoo babu, nikamwambia Ijumaa njoo uwe jaji. Akaja kweli na koti lake, akakaa mbele, Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, na ushindi akawapa wapinzani! Ila akamwita yule binti akamwambia bado hawajamalizana, aje siku nyingine na hoja ya nani atatunza makaburi.

Wanaonisumbua bado ni waongeaji, walewale kila wiki. Saivi ukiongea Ijumaa hii, inayofuata unakuwa katibu, unaandika tu. Wananuna kweli, lakini nafasi zinapatikana.