Tundu kwa tundu: mimi na antena ya ruta

Nyumba yetu Morogoro iko bondeni, ruta ya 4G inashika vistari viwili, wingu likitanda kimoja. Nikaamua kununua antena ya nje. Muuzaji akaitazama picha ya ruta sekunde mbili: "Bosi, hesi ikikaza, ndiyo yenyewe hiyo." Nikatoa elfu thelathini na kitu.

Ikakaza kweli, tena kwa raha, kama kifuniko cha chupa. Mtandao ukakata kabisa. Jumamosi nzima nimeshinda juu ya bati naizungusha antena, mama watoto chini anasoma vistari: "Hamna. Hamna. Baba Neema, shuka ule." Jirani mjuaji akasema tatizo waya, nifunge ule wa dishi. Nusura nimsikilize! Waya wa dishi ni omu 75 (kipimo cha ukinzani wa waya kwa mawimbi), ruta inataka 50, na koneta ya waya huo ni nene, milimita 9 na nusu. Haiingii hata uiombe.

Usiku nikasema leo lazima niijue hii koneta. Venia, ile rula ya fundi ya kupimia vitu vidogo, sina, ila sabuni ya mche ipo. Nikaziba tundu la ruta kwa selotepu, nikakata kipande cha sabuni, nikakigandamiza ubavuni mwa hesi. Zikatoka alama safi kama mistari ya daftari. Nikaweka rula pembeni, nikapiga picha, nikaikuza: mistari 7 ndani ya milimita 5. Upana milimita 6 na ushei. SMA hiyo, aina ya koneta ndogo ya antena ya kufunga kwa hesi! Robo inchi, hesi 36 kwa inchi. Nikajiona injinia.

Nikapima ya antena. Vilevile. Uinjinia ukaniisha.

Ndipo nikamulika kwa tochi ya simu, jambo ambalo mtu mwenye akili angeanza nalo. Katikati ya koneta ya ruta, tundu. Ya antena nayo, tundu. Zimekumbatiana siku nzima bila kugusana! Ya antena ni RP-SMA, ya vifaa vya Wi-Fi: Marekani walitaka watu wasijifungie antena yoyote tu, watengenezaji wakahamisha pini. Yenye hesi nje bado huitwa jike, ya nati dume. Kilichohama ni pini. Ukikuta pini kwa pini, usilazimishe, utazivunja.

Adapta nilipata duka jingine, elfu tano hivi, kijana aliitoa kwenye kopo la maziwa. Nguvu ya mawimbi ikapanda kutoka -113 dBm hadi -98 (ikisogelea sifuri ndiyo nzuri). Sabuni nimepigwa marufuku kuigusa.