Sisimizi na Ubawa wa Nondo

Leo asubuhi nimekaa nje karibu nusu saa nikimtazama sisimizi akiburuta ubawa wa nondo. Ubawa wenyewe ulimzidi ukubwa mara kadhaa, na kila upepo ulipopuliza uligeuka tanga, ukambwaga nyuma. Hakuuachia.

Nami, kwa papara zangu, nilikwisha kufungua daftari langu la mashairi. Nikaandika: "Subira yavuta heri." Mizani (silabi) 8 kamili, kipande kizima cha mshororo tayari, hata jasho halijanitoka! Ndipo nikajishtukia. Nilichokiona sikuwa nimekiandika. Nilikuwa nimemvika mdudu wa watu methali ya wahenga. Nikaifuta.

Nikamkumbuka Wordsworth, yule mshairi wa Uingereza. Tarehe 15 Aprili 1802 alitembea kando ya ziwa Ullswater na dada yake Dorothy, wakakuta maua ya manjano yametanda ufukweni. Dorothy akaandika katika shajara yake kwamba mengine yalilaza vichwa juu ya mawe, kama yaliyochoka. William alikaa miaka kama miwili ndipo akatunga shairi, na humo anasema alikuwa akizurura peke yake. Dada kafutwa! Zamani nikiliita jambo hilo uongo. Siku hizi nalielewa kidogo: yale maua yalipomrudia kichwani, amejilaza kwenye kochi, hapakuwa na mtu mwingine. (Hata hivyo bado nampenda zaidi Dorothy na mawe yake.)

Mimi sina subira ya miaka miwili. Nikaandika tu:

Sisimizi na ubawa, upepo wamrudisha

Kina cha kati "wa", cha mwisho "sha". Nikaanza kupekua maneno ya mshororo wa pili: yakwisha, maisha, yatosha... yote makavu. Kisha likaja "namchosha", nami sikuwa nimeliita. Namchosha nani? Sikuhitaji kuuliza mara mbili. Kuna ugomvi wa zamani baina yangu na kaka yangu. Kila anapousogeza karibu na mwisho, mimi huleta neno moja la juzi na juzi, tukaanza upya. Muda wote nikitazama pale chini nilijihesabu kuwa sisimizi.

Nilipoinua macho kutoka daftarini, alikuwa ameshaingia kwenye ufa wa ngazi. Ubawa ulikwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, ukitikisika. Mshororo wa pili nimeuacha wazi. Nitampigia kaka kwanza.