Jembe Lililorudishwa

Mwaka 1929, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana mjini Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza aliyehudumu Gahini nchini Rwanda, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho uliochochewa na urafiki wao ukaenea Afrika Mashariki. Wengi walioguswa walikuwa tayari wamebatizwa na majina yao yamo katika daftari za kanisa. Walichopungukiwa ni toba, na toba ilipokuja waliungama mbele ya wenzao, wakalipa madeni na kurudisha walivyoiba.

Bibi alinisimulia kwamba babu, ambaye tayari alikuwa mzee wa kanisa, aliamka alfajiri moja akabeba begani jembe aliloliazima kwa jirani kisha akakana kuwa nalo, mpini ukiwa umelainika kwa miaka ya kulimia, akamkabidhi mwenyewe huku analia.

Siidharau ibada hata kidogo, kwa maana ni kanisani, katika nyimbo na meza ya Bwana, nilikofundishwa kumpenda Mungu. Lakini mwezi uliopita nilisimama madhabahuni nikasoma somo kwa sauti thabiti, ilhali mimi na kaka yangu hatujasemezana tangu tugombanie mpaka wa shamba, na waumini wakanishika mkono wakinisifu kwa usomaji mzuri. Sifa zile zilinichoma.

Nimempigia kaka simu mara mbili, hakupokea. Jumamosi nitakwenda kwake mwenyewe.