Pentium 4 za njia ya Muheza

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows XP. Kwenye shule moja ya sekondari njia ya Muheza, nje kidogo ya Tanga, habari hiyo ilifika imechelewa na imetiwa chumvi: watu waliambiana kwamba XP itazimika yenyewe. Haikuzimika. Ila virusi vya flashi vilikuwa vimeshaifanya isifae, maana mwanafunzi akichomeka flashi, folda zake zote zinafichwa na mahali pake panabaki njia za mkato zisizofunguka. Akaitwa fundi, akafuta XP kwenye mashine zote, akaweka Ubuntu 14.04, mfumo wa Linux uliokuwa mpya wakati ule, akalipwa, akaenda zake.

Mimi niliitwa katikati ya mwaka na mwalimu wangu wa zamani wa fizikia. Ndiye aliyenifundisha umeme nikiwa kidato cha pili, na sasa alikuwa ameongezewa jukumu la chumba cha kompyuta. Nilimkuta amekaa mlangoni, funguo mkononi, kama mtu anayelinda mali ambayo hana hakika bado ni mali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hizi zimechoka. Mkuu ameshasema mwisho wa muhula ziende stoo."

"Naomba nizikague kwanza."

Zilikuwa ishirini hivi, za msaada, zote za ukoo mmoja: prosesa ya Pentium 4 ya 2.0 GHz, RAM ya megabaiti 512, hadi diski ya gigabaiti 40, na chipu ya picha ya Intel 845G iliyo ndani ya ubao mama. Chipu hiyo haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya kompyuta. Skrini zilikuwa zile za kioo kizito, za kishogo.

Niliwasha moja. Nikasubiri mpaka nikaona aibu kumtazama Mwalimu. Desktopu ilipotokea, nikashika dirisha na kulivuta: kishale kikafika upande wa pili, dirisha likafuata baadaye kwa kurukaruka. Nikabonyeza kitufe cha menyu, pakawa kimya, kisha menyu ikajichora kipandekipande. Mtoto wa kidato cha kwanza anayeshika kompyuta kwa mara ya kwanza akikutana na hali hiyo anabonyeza tena na tena, na kila bonyezo linaingia kwenye foleni. Akitoka pale anaamini kompyuta ni kitu kigumu na yeye hakiwezi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi ile.

Nikabonyeza Ctrl, Alt na F1, nikaingia kwenye skrini ya maandishi matupu, isiyo na madirisha. Hapo mashine ikawa nyingine kabisa. Amri zilijibu papo hapo, faili ndefu zikapita mbele ya macho kwa kasi. Prosesa ileile, RAM ileile. Nikamwita Mwalimu asogee aone. "Mashine haijachoka," nikamwambia. "Kuna kazi imetwishwa ambayo si yake."

Amri ya `top`, inayoorodhesha programu zinazokula prosesa, ilionyesha ni kazi gani. Juu kabisa alikaa compiz, programu inayochora madirisha ya Ubuntu, akila karibu prosesa nzima wakati hakuna hata mtu anayegusa kipanya. Chini yake alikuwepo kswapd0, ambaye ukimwona yuko juu namna hiyo ujue RAM imejaa na kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, zinahamishwa kwenda kwenye diski. `free -m`, amri ya kuonyesha matumizi ya RAM, ikathibitisha: mamia ya megabaiti yalikuwa kwenye swapu, ile sehemu ya diski inayoshika kilichokosa nafasi kwenye RAM, kabla hata ya kufungua LibreOffice. Kisha nikaendesha kijiprogramu cha majaribio kinachokuja na Unity, desktopu ya Ubuntu ya miaka ile, kile cha /usr/lib/nux/unity_support_test, na kwenye mstari wa mchoraji likasomeka neno nililolitegemea: llvmpipe.

Tatizo lote lilianzia hapo. Unity ilitaka kila dirisha lichorwe kwa OpenGL, njia ya kuchora inayotegemea chipu ya picha, na 845G ni chipu ya mwaka 2002 isiyofikia kiwango kinachotakiwa. Zamani palikuwa na Unity 2D kwa mashine za aina hii, lakini iliondolewa kwenye toleo la 12.10. Badala yake mfumo unatumia llvmpipe, yaani prosesa inafanya kazi ya kadi ya picha kwa hesabu za programu. Kwenye prosesa mpya yenye kori kadhaa huoni shida sana. Kwenye Pentium 4 yenye kori moja, kila kivuli cha dirisha, kila menyu inayong'aa, kinatoka kwenye prosesa ileile ambayo mwanafunzi anaihitaji ili herufi aliyoiandika itokee. Simlaumu sana fundi aliyetangulia. Mfumo uliwaka, mtandao ulishika, kwa macho ya haraka kazi ilikuwa imekwisha.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuacha kabisa kuchora kwa OpenGL. Nilichagua LXDE, desktopu iliyoanzishwa mwaka 2006 na Hong Jen Yee wa Taiwan, kwa sababu meneja wake wa madirisha, Openbox, hahitaji 3D hata kidogo. Kupakua kitu hicho shuleni kwa modemu ile kusingewezekana, hivyo nilipakua vifurushi vya lubuntu-core nyumbani usiku, bando likiwa rahisi, nikakusanya faili za .deb kutoka /var/cache/apt/archives na kuzibeba kwa flashi. Mashine ya kwanza ilipowaka na desktopu mpya, `free -m` ikaonyesha RAM iliyobaki wazi ni zaidi ya nusu, na swapu haijaguswa. Dirisha lilifuata kishale. Mwalimu alilivuta mwenyewe, akalizungusha skrini nzima, akacheka, akaenda kumwita Mkuu.

Ningeweza kuishia hapo na kila mtu angeshukuru. Lakini tulipomaliza kuzipitia zote, mashine kadhaa zilibaki nzito, na uzito wake ulikuwa wa namna mbili tofauti.

Namna ya kwanza: desktopu iko sawa, ila kufungua programu kunachukua muda mrefu mno. Hapo nilisoma `dmesg`, shajara ya kerneli (kiini cha mfumo), ambayo naamini ndiyo maandishi yenye faida kuliko yote kwenye Linux na watu wengi hawaigusi. Kwenye mashine hizo palikuwa na mstari unaosema diski imewekewa kikomo cha UDMA/33 kwa sababu ya kebo ya nyuzi 40. Nilifungua boksi na kweli: aliyezikarabati kabla hazijasafirishwa alitumia kebo bapa za zamani. Plagi ni ileile ya pini 40, lakini kebo sahihi ina nyuzi 80, zile za ziada zikiwa za ethi, moja kati ya kila nyuzi mbili za mawasiliano, ili zisiingiliane kwenye kasi kubwa. Bila hizo, kerneli kwa busara yake inajizuia kwenye megabaiti 33 kwa sekunde, wakati ubao ule unaweza kufika 100. Kebo za nyuzi 80 nilizipata Ngamiani, mjini Tanga, kwa fundi anayehifadhi mizoga ya kompyuta. Alinipa kwa bei ya soda. Kipimo cha `hdparm -t`, cha kasi ya kusoma diski, kilikuwa kikicheza karibu na megabaiti 25. Baada ya kubadilisha kebo kikavuka 40.

Namna ya pili ndiyo iliyonisumbua. Mashine zinaanza vizuri, kisha baada ya muda zinakuwa nzito, kila kitu kwa pamoja, na `top` haionyeshi programu yoyote ya kulaumiwa. Niliipata njia kwa msaada wa binti mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa amebaki kunisaidia kufunga boksi.

"Kaka, hizi za dirishani ndizo zinaunguruma," alisema. "Zikianza kuunguruma tu, basi, tunahama."

Nilisimama nikasikiliza. Alikuwa sahihi. Mashine zote za kundi hilo zilikuwa upande wa dirisha linaloelekea barabarani, ambako vumbi linaingia tangu asubuhi, na feni zake zilikuwa zikipiga kelele kwa nguvu zote. `dmesg` nayo ikasema kwa lugha yake: joto limevuka kikomo, saa ya prosesa imepunguzwa. Pentium 4 ikipata joto kupita kiasi hujilinda kwa kusimamisha saa yake vipindi vifupivifupi, mara nyingi kwa sekunde. `top` haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu prosesa inahesabiwa kuwa iko kazini ilhali nusu ya muda imesimama.

Tulizitoa nje chini ya mwembe, tukafungua, na hitsinki, vyuma vya kupoza prosesa, zilikuwa zimeziba vumbi mpaka mapezi yake hayaonekani. Blowa ya fundi, brashi laini, kisha kufuta pesti kavu ya kupitisha joto juu ya prosesa na kupaka mpya, tone dogo tu katikati. Yule binti alifanya za mwisho kwa mkono wake, kwa uangalifu kuliko mimi. Zilipowashwa tena feni zilinong'ona, na mstari ule wa joto haukurudi.

Baada ya hapo ndipo nilipojipa ruhusa ya kugusa mipangilio midogo. Watu wengi huanza na hiyo, na kwenye orodha za ushauri hujazwa mambo ambayo hayakusaidii chochote. Mfano ni noatime, ya kuzuia mfumo usiandike saa ya kusomwa kila mara faili inaposomwa. Tangu kerneli ya 2.6.30 relatime, inayoandika saa hiyo mara chache tu, ndiyo ya kawaida, na faida iliyobaki ni ndogo mno, sikuigusa. Niligusa vitu ambavyo naweza kuvipigia hesabu.

Hesabu ya skrini ni hii. Skrini ya 1024 kwa 768 yenye rangi za biti 24 hutumia baiti nne kwa kila nukta (tatu za rangi, moja ya kujazia), takriban megabaiti 3. Zilikuwa zimewekwa hezi 85, yaani skrini inachorwa upya mara 85 kwa sekunde, kwa hiyo chipu ya picha ilikuwa inasoma zaidi ya megabaiti 260 kila sekunde kutoka kwenye RAM ileile inayotumiwa na prosesa, hata kama hakuna kinachobadilika. Nikishusha rangi hadi biti 16 na hezi hadi 75, inakuwa chini ya 120. Hezi 60 ingepunguza zaidi, lakini skrini za kishogo kwenye 60 zinapepesa na watoto wanaumwa kichwa, hapo nilikataa. Niliandika faili fupi ya mipangilio ya skrini, xorg.conf, yenye DefaultDepth 16 na hezi 75, nikaipima kwa kusogeza hati ndefu ya LibreOffice kabla na baada. Tofauti ilionekana kwa jicho.

Nikaondoa picha ya ukutani, nikaweka rangi moja ya buluu. Nikazima huduma za bluetooth na printa, ambavyo shule haikuwa navyo. Kwenye faili ya Openbox, lubuntu-rc.xml, nikabadilisha drawContents kuwa no, ili mtu anapopanua dirisha programu isijichore upya kila hatua.

Kisha zram. Inaifanya sehemu ya RAM kuwa swapu iliyobanwa, hivyo kurasa zinazofukuzwa zinabanwa na kubaki ndani ya RAM badala ya kwenda diskini. Mashine inayoswapu kwenye diski ni kama mpishi ambaye kila akitaka chumvi anatoka jikoni kwenda dukani. Kwa Firefox yenye kurasa tatu wazi kwenye megabaiti 512, hakuna badiliko la mipangilio lililosaidia kuliko hili. Wengi hushusha swappiness, namba inayoamua mfumo uwe mwepesi kiasi gani kuswapu, kutoka 60 hadi 10 wakidhani ni dawa ya kila mashine. Swapu ikiwa ni zram, kuishusha kunaizuia dawa yenyewe isifanye kazi, kwa hiyo niliiacha ilipokuwa.

Yote hayo niliyaweka kwenye skripti moja, nikamkabidhi Mwalimu pamoja na flashi ya vifurushi na kebo mbili za akiba. Nilikaa naye tukaisoma mstari kwa mstari, kwa sababu sikutaka aitegemee bila kuielewa. Kila amri alitaka kujua inapima nini kabla ya kuuliza inabadilisha nini, vilevile alivyotufundisha kushika ammita. Yule binti alikaa pembeni akinakili kwenye daftari lake la fizikia.

Kompyuta hazikwenda stoo. Malalamiko yaliyofuata yalitoka kwa mwalimu wa jiografia: kwenye rangi za biti 16, ramani za miinuko zilikuwa na mistari mahali ambapo rangi inapaswa kufifia taratibu, na wanafunzi walidhani ile mistari ni kontua. Alikuwa na haki kabisa. Mashine iliyounganishwa na projekta tukairudisha kwenye biti 24, na kwa kuwa haikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuonyesha, uzito wake ulivumilika.