Saa moja iliyopotea kwenye picha za harusi

Nilirudi Kigoma kutoka Bujumbura kupiga picha za harusi ya mdogo wangu, nikitumia kamera na simu. Nilipoziunganisha kwenye kompyuta, bibi harusi alionekana akikata keki saa 18:40, ilhali alishuka garini saa 19:05. Simu ilikuwa imejirekebisha yenyewe kufuata saa za Tanzania (UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa rejea ya dunia nzima), lakini kamera ilibaki na saa za Burundi (UTC+2), hivyo kila picha yake ilikuwa nyuma kwa saa nzima.

Kilichoniuma ni kwamba taarifa za Exif, zinazohifadhiwa ndani ya picha, kwa miaka mingi ziliandika tarehe na saa bila kutaja ni saa za wapi. Sehemu ya kuonyesha tofauti na UTC iliongezwa mwaka 2016, katika toleo la 2.31, na kamera yangu ni ya zamani kuliko hapo.

Nilitunza nakala ya picha zote kwanza, kisha nikaziongezea saa 1 zile za kamera peke yake. Jana mama alizipitia tena, akamwona binti yake akishuka garini, akipokewa kwa vigelegele, ndipo ikafuata keki.