Makaburi ya Kashinozaki

Nilipanda treni ya Kuroshio pale stesheni ya Shin-Osaka, Japani, asubuhi, nikatafuta kiti cha upande wa bahari. Zaidi ya saa tatu reli inaandama pwani ya Kii mpaka Kushimoto, mji mdogo wa wavuvi kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Honshu. Mkobani nilichukua maji, mkate na msahafu mdogo.

Mimi mtu wa Tanga. Kwetu aliyekufa maji akazikwa ugenini huombewa dua hata na asiyemjua. Basi niliposikia kwamba mamia ya mabaharia Waislamu wamelala kwenye kisiwa cha Japani tangu 1890, sikutulia mpaka niende kuwazuru.

Kisa chao kilianza kwa kurudishiana heshima. Mwaka 1887 mwanamfalme wa Japani, Komatsu Akihito, alifika Istanbul, akapokewa vizuri na Sultani Abdulhamid II wa dola ya Uthmaniya, yaani Uturuki ya zamani. Sultani naye akatuma ujumbe Japani kwa manowari Ertuğrul, jahazi la mbao lenye matanga na injini ya mvuke, lililoshushwa majini tangu 1863. Liling'oa nanga Julai 1889 chini ya Osman Pasha, likiwa na watu zaidi ya 600. Likapita Suez, Aden, Bombay, Colombo, Singapore. Yokohama likafika Juni 1890, karibu miezi kumi na moja njiani. Zawadi na nishani zikakabidhiwa kwa Mfalme Meiji. Kisha kipindupindu kikaingia melini, kikaua. Wenyeji wakashauri wageni wangoje msimu wa tufani upite, lakini tarehe 15 Septemba Ertuğrul ikaondoka. Usiku wa kesho yake upepo ukaisukuma kwenye miamba ya Kashinozaki, rasi ya kisiwa cha Oshima karibu na Kushimoto. Waliokufa walizidi 500, Osman Pasha akiwa miongoni mwao. Waliopona ni 69.

Kutoka stesheni ya Kushimoto basi linavuka daraja la kuingia kisiwa cha Oshima. Daraja hilo limefunguliwa 1999, kabla yake watu walivuka kwa boti. Nilishuka kituo cha mwisho nikatembea hadi kwenye mnara wa taa, mweupe, mfupi, wa mawe. Nikakaa chini yake muda mrefu nikiitazama miamba. Bahari siku hiyo ilikuwa shwari, lakini pale kwenye miamba maji hayakuacha kutoa povu.

Mnara wenyewe una historia yake. Mwaka 1866 mataifa ya Magharibi yaliishurutisha Japani kwa mkataba ijenge minara ya taa kwa ajili ya meli zao, na huu ni mmojawapo. Aliuchora mhandisi kutoka Uskoti, Richard Henry Brunton, ukawashwa 1870. Taa iliyowekwa kwa shuruti ya wakubwa ndiyo waliyoiona wale Waturuki usiku ule, wakaufuata mwanga wake, wakapanda jabali wakiwa wamejeruhiwa, wakagonga mlango. Lugha haikuwapo. Inasimuliwa kwamba mlinzi alifungua kitabu cha bendera za mataifa, na mgeni akaonyesha kwa kidole ile yenye mwezi na nyota.

Wanakijiji wakaja. Kisiwa kilikuwa maskini, chakula chao ni samaki na viazi vitamu, na mwaka ule hata hicho kilikuwa haba. Wakatoa viazi, wakachinja kuku waliokuwa wamewekwa kwa siku ya dhiki, wakawavika wageni nguo zao. Madaktari waliowatibu walipoulizwa gharama, wakakataa malipo. Siku zilizofuata watu walishuka majini kuopoa maiti na kuzizika juu ya jabali.

Manusura walirudishwa kwa manowari mbili za Kijapani, Hiei na Kongo, wakaingia Istanbul Januari 1891. Pamoja nao alikwenda mwandishi wa gazeti, Noda Shotaro, akipeleka michango ya wasomaji. Akabaki huko, akasilimu. Baada yake akaenda kijana Yamada Torajiro na michango mingine, akamtunuku Sultani deraya na upanga wa ukoo wake, akaishi Istanbul miaka mingi akifanya biashara.

Serikali zenyewe hazikuelewana. Japani ilidai raia wake wapewe upendeleo uleule waliokuwa nao Wazungu katika dola ya Uthmaniya, yaani wasihukumiwe na mahakama za nchi. Jambo hili liliniuma kulisoma, maana wakati huohuo Japani ilikuwa ikihangaika kuufuta upendeleo wa aina hiyo uliokuwa juu ya kichwa chake. Ubalozi wa Japani ulifunguliwa Istanbul mwaka 1925, dola ya masultani ikiwa imekwisha. Viazi vya Oshima vilitangulia miaka thelathini na mitano.

Makaburi yapo hatua chache kutoka mnarani, chini ya nguzo ndefu ambayo Uturuki iliijenga upya 1937. Watoto wa shule za kisiwani wamekuwa wakipafagia. Nilivua viatu, nikasoma Fatiha, nikasoma Yasin taratibu, upepo ukigeuza kurasa kabla yangu. Sikujua jina la hata mmoja zaidi ya Osman Pasha. Nikawaombea wote kwa jumla.

Jirani kuna makumbusho ya Uturuki, yaliyofunguliwa 1974, yenye vitu vilivyoopolewa chini ya bahari. Na hapo nilikumbuka Machi 1985, Saddam Hussein, rais wa Iraq iliyokuwa vitani na Iran, alipotangaza kutungua ndege yoyote juu ya Iran. Wajapani walikwama Tehran, nchi yao haikupeleka ndege. Uturuki ikapeleka, ikawatoa 215, na Waturuki wengi waliokuwa Tehran wakarudi kwao kwa barabara. Wakubwa wa Uturuki walipoulizwa sababu, wakaitaja Ertuğrul.

Basi la kurudi lilikuwa bado. Nikapita katikati ya kijiji cha Kashino, vichochoro vyembamba na bustani ndogondogo. Mzee mmoja alikuwa akipalilia kitalu chake. Nikasimama, nikamwinamia kama wanavyosalimiana wao, nikainama muda mrefu kuliko desturi. Akaweka jembe chini, naye akainama.