Gunia Limeshashuka

Binti yangu yuko likizo, na mnajua akiwa nyumbani meza ya kulia haipatikani: kompyuta, waya, daftari, na sahani ya ming'oko iliyopoa tangu magharibi. Juzi usiku alikuwa akiandika programu yake ya kwanza ya kuzungumza na kompyuta nyingine. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Baba, soketi inajuaje kwamba mwenzake amekufa?" Soketi ni ncha ya mawasiliano ambayo programu hutumia kuzungumza na kompyuta nyingine.

Nilikuwa namenya chungwa. Nikaliweka chini.

"Haijui," nikamjibu, na hapo hapo nikawa nimesharudi ghalani.

Ilikuwa Novemba 2010, msimu umekolea, mji mzima unanuka mabibo. Stakabadhi ghalani, yaani utaratibu wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa risiti, ilikuwa imeingia kwenye korosho zetu tangu 2007 na watu walikuwa wameanza kuizoea, ingawa ugomvi wa vipimo haukuisha. Ghala lenyewe silitaji. Liko pembeni ya Mtwara mjini, na waliolitumia wanalijua. Nilipewa kazi moja: mizani mbili za jukwaani zilikuwa mlangoni, karani alikuwa ofisini mita kama 30 kutoka hapo, na uzito ulitakiwa ufike kwake wenyewe. Kabla ya hapo kijana alikuwa akipaza sauti "themanini na moja!" na karani akaandika sabini na moja. Mkulima akirudi kulalamika hakuna wa kumshuhudia. Niliichukua kazi ile kwa moyo wote kwa sababu hiyo. Mimi ni mtoto wa mkulima wa korosho, na najua gunia moja limetoka wapi.

Kila mizani niliifungia kiboksi kinachopokea waya wake na kutuma tarakimu kwa mtandao. Mizani zile zilikuwa za kutuma mfululizo: mara kadhaa kila sekunde, liwepo gunia au lisiwepo, mstari mmoja mfupi unasema kama uzito umetulia au bado unayumba, kisha kilo.

Programu ya kwanza ilisoma soketi moja kwa moja na kusubiri. Ikisubiri mizani, basi hata kubonyeza kitufe haiwezekani. Zikipita sekunde tano programu haijachukua ujumbe unaoingia kwenye dirisha lake, Windows inatangaza kwamba programu haijibu, na karani anazima kompyuta. Ya pili niliipa kila mizani thredi yake, uzi wake wa kazi ndani ya programu ile ile. Hapo thredi mbili zikawa zinaandika mahali pamoja, na uzito wa mizani ya kwanza ukatokea kwenye mizani ya pili. Nilihangaika wiki nzima na makufuli ya data, ya kuzizuia zisiandike kwa pamoja.

Ya tatu ndiyo niliyoipenda. Windows ina njia inayoitwa WSAAsyncSelect, iliyokuwamo kwenye Winsock, sehemu ya Windows ya kushughulikia soketi, toleo la 1.1 la mwaka 1993, enzi ambazo programu ziliachiana nafasi kwa hiari, na moja iking'ang'ania zote zinasimama. Unaiambia soketi: usinisimamishe, ukipata kitu niletee ujumbe kwenye foleni ya dirisha langu. Ujumbe wa soketi unakuja katikati ya ujumbe wa vitufe na wa kipanya, na mzunguko mmoja tu unauchukua mmoja mmoja na kuupeleka panapohusika. Ni kama fundi cherehani barazani. Hazunguki nyumba za watu kuuliza nani ana nguo. Ameketi, anayefika anahudumiwa, akimaliza anamgeukia anayefuata. Thredi moja, mizani mbili, hakuna kufuli. Nilichotakiwa kukumbuka ni kwamba TCP, utaratibu wa kusafirisha data kwa mtandao, inaleta baiti tu, haijui mstari wangu unaishia wapi. Inaweza kukupa "+0081" sasa na ".5kg" baadaye, kwa hiyo unazikusanya kwenye bafa, hifadhi ya muda, mpaka alama ya mwisho wa mstari ionekane, ndipo unasoma. Hilo nililifanya vizuri, na siku nne programu ilikwenda bila kukwama hata mara moja.

Siku ya tano, Alhamisi, saa nne asubuhi.

Alikuwepo bibi mmoja mwenye magunia mawili. Alikuwa amevaa kanga ya rangi ya ugoro, nyingine amejifunga kiunoni juu ya gauni, na mkononi ameshika kikaratasi cha namba yake kwa vidole viwili kama anayeogopa kukichafua. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu" na kusimama kwenye mlango wa ofisi. Pale alipo aliona pande zote mbili: kulia jukwaa la mizani, kushoto skrini ya karani.

Gunia lake la kwanza lilipanda. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya karani, natazama skrini kwa furaha ambayo sijui kuieleza kwa mtu asiyewahi kuandika programu. 81.5, tarakimu kubwa za kijani nilizozichagua mwenyewe. Karani akabonyeza Hifadhi. Nje, makuli wakalishusha, nikasikia ule mshindo gunia linapokita sakafuni. Bibi akatazama kulia, halafu kushoto, halafu kulia tena. Hakusema haraka. Aliangalia kwa muda mrefu kama mtu anayehakikisha kwanza kwamba macho yake hayamdanganyi.

"Mwanangu," akasema, "gunia limeshashuka. Mbona humu bado uzito upo?"

81.5.

Karani alisema kompyuta inachelewa kidogo. Mimi nilijua haichelewi. Nilitoka mbio mpaka mlangoni. Kioo kidogo cha mizani yenyewe kilikuwa kinaonyesha sifuri. Nikakifuata kiboksi changu nyuma ya nguzo: taa imezimika. Kwenye soketi ya umeme, mahali pa adapta yangu, ilikuwa imechomekwa chaja ya simu.

"Mjomba, ilinizimikia tangu jana," kuli mmoja akaniambia, na kuipapasa simu yake. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Ile ilikuwa soketi ya ukutani kama nyingine, hapakuwa na maandishi.

Nilikuwa nimeshughulikia ujumbe wa soketi kufungwa. Lakini ujumbe ule unakuja pale upande wa pili unapoaga, au mtandao unapotoa kosa. Kiboksi kilichokatiwa umeme hakiagi. Na programu yangu ilikuwa ya kusoma tu, haitumi chochote ambacho kingekosa jibu. Kwa TCP, laini ile ilikuwa nzima, imepumzika. Ule utaratibu wake wa kumjulia hali mwenzake hauwashwi mpaka uombe, na hata ukiuomba, Windows kwa kawaida inasubiri saa mbili za ukimya kabla ya kuuliza. Fundi alikuwa ameketi barazani anamngoja mteja aliyekwisha kufa, na nguo aliyoishika mkononi ni ya jana.

Na mizani ile haikuwa na tabia ya kunyamaza! Hilo ndilo linaloniuma. Sekunde mbili bila neno zilitosha kunieleza kila kitu, kama ningekuwa na saa ya kuzihesabu.

Nilirekebisha mchana ule ule, nimekaa juu ya kreti. Taima, kengele ya ndani ya programu, kila nusu sekunde inalinganisha saa ya sasa na saa ya mstari wa mwisho uliopokelewa. Zikizidi sekunde mbili, tarakimu zinafutika, kitufe cha Hifadhi kinazimika, soketi inafungwa na kuunganishwa upya. Nililinganisha saa badala ya kuhesabu milio ya taima, kwa kuwa Windows hutoa ujumbe wa taima pale tu foleni inapokuwa haina ujumbe mwingine, na siku za msongamano hesabu ya milio ingenidanganya. Adapta nikaipigilia ubao.

Magunia ya bibi yalipimwa upya. La kwanza 77.0, la pili 83.5. Maana yake lile kosa lilikuwa limempa kilo nne na nusu zisizo zake, na ni yeye aliyelisema. Alipochukua karatasi yake aliisoma taratibu, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Hakuuliza kwa nini imepungua. Sijui kama alielewa kwamba imepungua.

Halafu tukafungua kumbukumbu za asubuhi. Mistari saba mfululizo, 81.5. Wa kwanza ni wa kweli, wa saba ni wa bibi, na katikati yake mitano ni ya magunia ya wakulima wawili waliokwisha kuondoka, mmoja kwa baiskeli, mwingine kwa Hiace ya Nanyamba. Daftari la karatasi lilikuwepo, ila karani alikuwa akiliandika kutoka kwenye skrini hiyo hiyo. Magunia yao yalikuwa yameshaingia kwenye mlundo na mengine mia kadhaa, hayana alama. Mkubwa wa pale akasema gunia la korosho ni kilo 80 siku zote, tofauti itakuwa ndogo, tuendelee na kazi, watu wako juani. Nikaendelea na kazi.

Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika taima yake, akaijaribu kwa kuchomoa waya, ikafanya kazi. Kisha akaniuliza yale magunia matano yalikuwa na kilo ngapi.

Nakala ya ukurasa ule ninayo hadi leo. Nilikwenda chumbani nikamletea. Alihesabu mistari kwa kidole, mmoja mmoja, hadi wa saba, kisha akakirudisha kidole kwenye wa pili na kukiacha pale.